Kilo za Heshima

Shirika la ndege la taifa lilizaliwa kwa tarumbeta, likaishi miezi kumi na moja na wiki moja, likafa bila tarumbeta siku ya Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Wengi waliolipanda wameshasahau hata rangi ya viti vyake. Bi Mizani hajasahau kitu. Yeye ndiye aliyewapima abiria wote, kuanzia waziri hadi mtoto wa mgongoni, kwa sababu ndege yenyewe ilikuwa ndogo, na ndege ndogo haitaki utani: kabla haijaruka, rubani lazima ajue amebeba kilo ngapi za mizigo na kilo ngapi za watu.

Ndege yenyewe, maana ilikuwa moja tu. Ilikuwa na viti kumi na tisa na ilikodiwa kutoka nje. Ya pili ilikuwa njiani, kwa mujibu wa meneja, tangu mwezi wa kwanza. Mkiani alichorwa tai, au tuseme ilikusudiwa awe tai. Kazi hiyo alipewa fundi wa mabango ya maduka, mtu mwenye mkono mwepesi, lakini wateja wake wengi walikuwa wauza mayai, na yeye alichora alichokizoea. Meneja aliuzunguka mkia mara mbili, akaomba mdomo uongezwe ukali kidogo. Ukaongezwa. Akawa kuku mwenye hasira. Watu wa mjini hawana dogo, wakaliita shirika zima Kuku. "Kuku karuka?" waliulizana asubuhi dukani. Safari ikichelewa, walisema bado anaatamia.

Meneja huyo alikuwa mtu mpole mwenye suti mbili na sentensi moja. Sentensi ilikuwa "Kuna mpango", na aliitoa kwa kila swali, kwa hiyo wafanyakazi walimwita Bwana Mpango. Alipotafuta mtu wa kupima abiria, alikwenda moja kwa moja kliniki ya watoto, kwa hoja kwamba huko ndiko kuna mtu anayeshinda na mizani kutwa. Alimkuta Bi Mizani, ambaye wakati huo alikuwa ameshapima watoto kwa miaka kumi na tisa, wengine wakiwa watoto wa aliowapima zamani. Barua ya ajira ilikuwa ya tarehe kumi na nne na ilimwita Mtaalamu wa Uzito. Yeye alifika uwanjani tangu tarehe kumi na mbili, bila kuitwa, akafagia chumba, akaikagua ile mizani kubwa ya kupimia magunia kwa kuiwekea mfuko wa saruji wa kilo hamsini. Ilikosea kwa robo kilo. Aliirekebisha kwa bisibisi aliyotoka nayo nyumbani.

Sasa, kliniki kuna adabu yake. Mtoto akiongezeka, mama yake anasifiwa mbele za watu mpaka anaona haya. Akipungua, kadi inaandikwa kweli tupu, daktari anaambiwa kweli tupu, lakini kwa sauti, pale mbele ya benchi la kina mama wengine, Bi Mizani alisema, "Si mbaya, si mbaya," kwa kuwa mama mkwe wa mtu huwa hayuko mbali. Mdomo ulikuwa na kazi yake na kalamu ilikuwa na kazi yake. Kwa miaka kumi na tisa mambo hayo mawili hayakuwahi kugongana.

Yaligongana siku ya uzinduzi. Palikuwa na bendi, utepe, hotuba tatu, mafuta ya ndege yaliyojazwa hadi juu kwa heshima ya siku, na wageni wa heshima kumi na wawili waliotakiwa kuzungushwa juu ya mji kwa dakika ishirini. Wa kwanza kupanda mizani alikuwa waziri. Sindano ilikwenda, ikaenda, ikasimama kwenye mia na kumi na nane. Nyuma yake palikuwa na foleni ya watu wakinyoosha shingo. Bi Mizani akafanya alichofanya siku zote.

"Tisini na sita, mheshimiwa," alisema kwa sauti.

Mheshimiwa alitabasamu hadi magego yakaonekana. Baada ya hapo hapakuwa na njia ya kurudi. Huwezi kumpunguzia waziri kilo ishirini na mbili, halafu umnyime katibu wake. Mke wa meya alipata kumi na tano. Mwenyekiti wa wafanyabiashara alipata kumi na nane, na aliomba aongezewe. Aliyetoka mikono mitupu ni mwandishi wa gazeti peke yake, mtu mkavu kabisa, hakuwa na cha kupunguziwa. Bi Mizani alikuwa akizishika zile namba za kweli kichwani, aende akamnong'oneze rubani. Asichokijua ni kwamba karani wa itifaki alikuwa amesimama nyuma ya bega lake akiandika kila anachotamka, na karatasi ilipojaa, karani aliikimbiza kwenye ndege. Bi Mizani alikimbia nyuma yake akipunga mkono. Bendi ilikuwa inapiga. Watu walidhani anacheza, na wawili watatu wakajiunga naye.

Kuku alikimbia. Alikimbia mpaka katikati ya njia ya kurukia, akapita alama nyeupe, akapita alama ya njano, watu wakaanza kusimama kwenye viti, naye bado magurudumu yako chini. Rubani alikanyaga breki, na ndege ikasimama pua ikiwa ndani ya majani. Waziri alidhani hiyo nayo ni sehemu ya sherehe, akapunga mkono dirishani.

Rubani, ambaye wote walimwita Kepteni, alikuwa mtu wa makamo asiyependa kelele. Aliirudisha ndege taratibu, akashuka, akaja moja kwa moja kwenye mizani akiwa na ile karatasi mkononi.

"Nani kapima?"

"Mimi," alisema Bi Mizani. Hakumtaja karani.

Kepteni alimtazama, akaitazama foleni ya waheshimiwa wanaoshuka, akaelewa. Alishusha sauti. "Mama, kwangu mimi mtu mnene si tatizo. Tatizo ni mtu mnene aliyeandikwa mwembamba. Huyo anatuua wote, pamoja na wembamba wenyewe."

Waliopanda mara ya pili walikuwa sita. Wale sita wengine, gazeti lilisema, walipata majukumu ya dharura. Bi Mizani alikwenda nyumbani akalia, halafu akaacha kulia, akapanda kwenye stuli, akalishusha pazia la sebuleni kwake, lile la maua makubwa. Kesho yake asubuhi lilikuwa limetundikwa uwanjani kuizunguka mizani. Kuanzia siku hiyo abiria aliingia nyuma ya pazia mmoja mmoja, namba ilionekana na watu wawili tu, iliandikwa bila kutamkwa, na Kepteni alipewa jumla peke yake. Kilo za heshima zilikoma. Heshima yenyewe ilibaki.

Lile pazia lilimwonyesha watu. Wapo waliopanda mizani wakabana pumzi, kana kwamba hewa ndiyo inayowaponza. Wapo walionyanyua mguu mmoja. Wafanyabiashara walivaa mashati sita ili kukwepa kipimo cha mizigo, wakaja wakitembea mikono imewatanuka, na Bi Mizani aliwavua kwa upole bila kuwauliza kitu. Siku za mwanzo mazoea ya kliniki yalimponyoka. Mama mmoja muuza vitambaa aliyerudi kutoka safari alipanda, na Bi Mizani akamwambia kwa furaha, "Umeongezeka kilo mbili, hongera sana." Mama yule hakumsalimia kwa miezi mitatu.

Lakini Bi Mizani hakuiacha kliniki kwa ajili ya barua yenye cheo kirefu. Alikuwa na lake moyoni, na lake lilikuwa kwenye ukurasa wa nne wa masharti ya kazi: mfanyakazi akitimiza mwaka mmoja, atapewa tiketi moja kwa ajili ya mzazi wake.

Mzazi aliyebaki alikuwa mama yake, bibi wa miaka sabini na minne, ambaye aliishi naye. Mume wa Bi Mizani alishatangulia mbele ya haki na watoto wake walishaanza maisha yao, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili, yeye na mama, wakigombana tangu uji wa asubuhi. Au tuseme mama aligomba na binti akagombwa. Chai ina majani mengi. Mlango haufungwi hivyo. Mtu mzima hakai na viatu kitandani. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwenye cheo serikalini, alisimamishwa mbele ya dirisha lake mwenyewe akaonyeshwa namna ya kulifuta.

Mama alikuwa na mtoto mwingine, mziwanda, aliyeolewa akiwa na miaka kumi na tisa na mtu wa mji wa migodi, ng'ambo ya milima. Alikuja mara moja na mtoto wa kwanza mgongoni. Hiyo ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Sasa alikuwa na watoto wanne na genge la mboga lisiloachika, na kila mwaka alisema kwenye simu, "Mwakani, Mama, Mungu akipenda." Kwa basi ni siku mbili za mashimo. Mama alijaribu mara moja baada ya kuumia nyonga, akashushwa kituo cha tatu akiwa hawezi hata kupiga kelele. Tangu hapo hakulizungumzia tena. Ila simu ya mziwanda ikiisha, alikaa nayo mkononi kwa muda mrefu, na chai siku hiyo hata ikiwa na majani mengi hakusema kitu.

Kuku alifika mji wa migodi kwa saa moja na nusu, mara tatu kwa wiki. Bi Mizani alimtazama akiruka na kuhesabu miezi.

Dalili zilianza mwezi wa nane. Kwanza ilitoweka sukari ya ofisini, kisha chai yenyewe. Mhudumu wa ndani ya ndege alioa akahama, na nafasi yake haikujazwa, kwa hiyo Kepteni mwenyewe ndiye aliyewaambia watu wafunge mikanda, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha. Ndege ya pili iliendelea kuwa njiani. "Kuna mpango," alisema Bwana Mpango, lakini sasa aliisema akitazama viatu vyake. Mwezi wa kumi na mbili ukiwa ndio kwanza umeanza, siku ya Jumatatu, aliwakusanya wafanyakazi wote saba kwenye chumba cha mizigo akawaambia kwamba mkataba wa kukodi umekwisha na wenye ndege wanaitaka ndege yao. Safari ya mwisho ni Ijumaa. Itapeleka abiria mji wa migodi, itawashusha, na kutoka hapo itavuka mpaka kurudi kwa wenyewe.

"Hairudi hapa?" aliuliza Bi Mizani.

"Hairudi."

Ijumaa ilikuwa tarehe kumi na tatu. Bi Mizani alifanya hesabu mara moja, kwa sababu alikuwa ameifanya kila siku: mwaka wake ulikuwa unatimia Jumamosi.

Alimfuata meneja ofisini na masharti ya kazi mkononi, ukurasa wa nne ukiwa umekunjwa pembeni. Bwana Mpango aliusoma, akahesabu kwa vidole, akasikitika kwa dhati. Mwaka haujatimia. Pungufu ni siku moja, lakini pungufu ni pungufu.

"Bwana meneja," alisema Bi Mizani, "nani alifagia chumba cha mizani?"

"Wewe."

"Lini?"

Meneja alifikiri. Alikumbuka kwamba siku ile alimkuta ameinamia mizani na bisibisi mdomoni, na kwamba yeye mwenyewe alimsaidia kunyanyua mfuko wa saruji, akachafua suti. Suti ile haikuwahi kutakata. "Tarehe kumi na mbili," alisema taratibu.

"Basi Alhamisi nitakuwa nimetimiza mwaka, na Ijumaa nitakuwa na siku moja ya zawadi."

Bwana Mpango alitoa muhuri. Kwa mara ya kwanza tangu shirika lianze, mpango ulikuwepo kweli, na ulimfurahisha mpaka akagonga muhuri mara mbili.

Hapo mtu angedhani Bi Mizani alikwenda nyumbani akikimbia. Hakukimbia. Alikwenda na tiketi kwenye pochi, akapika, akagombezwa kwa sababu ya chumvi, akalala, na hakusema neno. Jumanne hivyo hivyo. Miezi yote ile alikuwa akihesabu safari ya kwenda, na kurudi aliichukulia kama kitu kisicho na haja ya kuhesabiwa, wiki mbili tatu hivi, Kuku atamrudisha bibi. Sasa tiketi ilikuwa ya kwenda tu, na nyonga ya mama haipandi basi. Akienda amekwenda. Aliogopa, na woga wake ulikuwa na pande mbili. Mama akikataa, mziwanda asingemwona tena mama yake, na kosa lingekuwa limetokea ndani ya nyumba hii. Mama akikubali, nyumba hii ingebaki na mtu mmoja. Kwa kifupi, hakutaka kusikia mama yake akichagua.

Jumatano alipiga moyo konde, akaiweka tiketi mezani karibu na kikombe.

"Ijumaa unakwenda kwa mwanao, Mama. Kwa ndege."

Mama aliishika tiketi, akaigeuza nyuma na mbele. "Na kurudi?"

"Ukichoka utarudi," alisema Bi Mizani, akainuka kwenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Mama alianza kufungua masanduku.

Ijumaa asubuhi uwanja ulijaa kuliko siku ya uzinduzi, maana kila mtu alitaka aweze kusema kwamba alimpanda Kuku mara ya mwisho. Viti vyote kumi na tisa vilikuwa na wenyewe. Bi Mizani aliwapima mmoja mmoja nyuma ya pazia, akamwacha mama yake awe wa mwisho, kama ndugu wa mfanyakazi anavyotakiwa. Mama alikuja akitembea polepole sana, mviringo kila upande, mikono imemtanuka. Bi Mizani alikuwa ameshaona mwendo ule kwa wafanyabiashara wengi mno asiutambue.

Sindano ilisimama kwenye hamsini na tisa. Aliandika, akajumlisha, akampelekea Kepteni karatasi. Kepteni aliitazama, akatikisa kichwa. "Kilo kumi na nane zishuke," alisema. "Sijali zitoke wapi, Mama, ila zishuke."

Mfanyabiashara wa viatu alitoa boksi moja la kilo nane kabla hajaombwa, kwa roho nzuri, na wote wakampigia makofi. Zilibaki kumi. Bi Mizani alirudi nyuma ya pazia na kulifunga vizuri.

"Mama, wewe huna kilo hamsini na tisa."

"Basi mizani yako mbovu."

"Umevaa nini?"

"Nguo," alisema mama. "Ulitaka nije bila?"

Bi Mizani akaanza kumvua. Ulitoka koti, lilitoka sweta, likatoka sweta la pili. Likatoka gauni la kijani, na chini yake gauni la kahawia. Kiunoni palikuwa na nguo za watoto zilizokunjwa na kufungwa kwa kamba, suruali ndogo, fulana, soksi za kufuma, za rika zote nne, kwa vipimo ambavyo mtu alikuwa ameviuliza kwenye simu na kuvikumbuka. Chini ya gauni la tatu kulikuwa na kitu kigumu kinachoning'inia kwa mkanda begani. Alikifungua. Ilikuwa pasi ya mkaa.

"Mama. Kule wana umeme."

"Unakatika."

"Hii pasi ni ya chuma kitupu, ina kilo nne."

"Mligombania pasi hii mpaka mkang'oana nywele," alisema mama, "na mimi nikakupa wewe kwa kuwa ni mkubwa. Umekaa nayo miaka mingapi? Sasa ni zamu ya mwenzio."

Bi Mizani aliiweka pasi chini. Mama alipanda tena mizani akiwa na gauni moja na sweta. Sindano ilisimama kwenye arobaini na tatu. Bi Mizani aliinama akaitazama kwa karibu, akadhani kuna kitu kimekwama, akaigonga kwa kucha. Haikusogea. Walikaa nyumba moja, sahani moja, na yeye, mtaalamu wa uzito, alikuwa hajui kwamba mama yake amebaki kilo arobaini na tatu. Mkono wake ulikuwa umeshika kiwiko cha mama ili asiyumbe, na kiwiko kizima kilienea kwenye kiganja. Aliumia.

"Hii ndege hairudi," alisema mama, akiwa bado juu ya mizani. Hakuwa anauliza.

"Nani kakuambia?"

"Mwenye duka. Tangu Jumanne. Alinipa pole, nikajua kuna kitu."

"Na mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme."

Nje ya pazia Kepteni alikohoa kidogo, kama mtu mwenye haraka asiyetaka kuonyesha. Bi Mizani aliendelea kushika kiwiko.

"Nilikuambia uongo, Mama. Hutaweza kurudi. Basi huliwezi."

"Najua."

"Na bado unakwenda?"

"Nakwenda." Mama alishuka mizani kwa uangalifu, mguu mzuri kwanza, akamtengeneza binti yake kola ya sare iliyokuwa imekunjika upande mmoja. "Wewe umenipata miaka hamsini na miwili. Mwenzio kanipata kumi na tisa tu. Niache nikammalizie."

Hesabu ilikuwa sawa. Bi Mizani aliichukua pasi ya mkaa, akaivisha tena ule mkanda begani mwa mama, akaandika arobaini na saba kwenye karatasi, kweli tupu, mama na pasi yake. Zile kilo zilizotakiwa kushuka zilikuwa zimeshuka na mbili zaidi. Nguo nyingine na zile za watoto zilibaki zimelundikana sakafuni, zingefuata kwa basi, zenyewe hazina nyonga.

Alimsindikiza hadi kwenye ngazi. Mama alipanda hatua sita kwa kupumzika mara mbili, na kwenye ya mwisho aligeuka akasema dirisha la jikoni halikufungwa vizuri asubuhi, alitazame. Kisha mlango ukafungwa. Ndege ilikimbia, ikanyanyuka kabla ya alama nyeupe, mapema kuliko siku zote, na yule kuku mwenye hasira akapita juu ya vichwa vya watu akielekea milimani. Watu walishangilia. Bwana Mpango alilia waziwazi ndani ya ile suti ya saruji. Bi Mizani alisimama mpaka haikuonekana, akarudi ndani, akalishusha pazia lake, akalikunja. Nyumbani alikuta dirisha la jikoni kweli liko wazi. Alilifunga.

Saa moja jioni simu ililia. Alikuwa mziwanda, akicheka na kulia kwa pamoja, maneno yanapandana. Amefika. Amekula. Watoto wamemwogopa kwa dakika tano, sasa wakubwa watatu wamemlalia mapajani, na pasi iko juu ya meza sebuleni kama mgeni. Nyuma ya sauti yake ilisikika nyingine, kavu, isiyokuwa na haraka.

"Mtoto habebwi hivyo. Nani alikufundisha? Mshike shingo. Na huo mlango, mbona unaubamiza?"

"Unamsikia, Dada?" alisema mziwanda. "Hajamaliza siku hapa, ameshanigombeza mara nne."

"Ya nne ilikuwa ya nini?"

"Chai."

"Ina majani mengi?"

"Amejuaje? Hata hajainywa."

Bi Mizani alicheka, na katikati ya kicheko akaona wivu, wivu mkali wa mtoto mdogo anayeona mwenzake kabebwa. Alikuwa peke yake jikoni, chai yake imejaa majani, na hapakuwa na mtu wa kumwambia chochote. Alivuta kiti akakaa.

"Mpe simu," alisema. "Na mimi anigombeze kidogo."